Nani Amepika, Nani Amekaribishwa: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Chakula na Ujirani

Barua zilizoifikia safu hii kwa ajili ya toleo la mwezi huu zimetoka pembe mbalimbali za Dar es Salaam, lakini karibu zote zinagusa nafasi ya chakula katika maisha ya watu wanaoishi pamoja. Hakuna aliyeuliza namna ya kupika. Wameuliza nani ana haki ya kupika, nani aketi wapi wakati wa kula, kipi kiliwe na nani, na kama chakula tunachokiita chetu ni chetu kweli. Nimefupisha baadhi ya barua na nimeacha majina kwa heshima ya wahusika. Jibu la kwanza ni refu kuliko mengine, kwa kuwa barua yenyewe imebeba jambo linalozisumbua nyumba nyingi za mji huu siku hizi.

Alipofariki mama mkwe wangu, sisi watoto na wakwe tulichanga fedha tukakodi wapishi ili majirani wasisumbuke. Wanawake wa mtaani walikuja asubuhi wamejifunga khanga, wameshika visu, wakawakuta vijana waliovaa sare wanapika kwa majiko ya gesi. Walikaa kidogo, wakatoa pole, wakaondoka. Sasa nasikia inasemwa kwamba tunaringa. Tulikosea nini? — Msomaji wa Tabata

Dada yangu, pole sana kwa msiba. Hamkutenda kosa la kuwafanya mwombe radhi hadharani, lakini majirani zenu nao hawakuudhika bure, na ili uelewe kilichowaudhi inafaa kwanza tuitazame kazi inayofanyika katika ua wa nyumba iliyofiwa.

Habari ya kifo ikishaenea, mtaa wa kawaida wa Dar es Salaam hujigawia kazi bila kuitisha kikao. Wanaume huhangaikia turubai, viti na kaburi, na mmoja wao mwenye mwandiko unaosomeka hukabidhiwa daftari la michango. Wanawake huingia uani. Anayejua kukadiria huuliza wanatarajiwa watu wangapi, kisha hupiga hesabu ya mchele, na wapishi wengi wa shughuli huchukulia kilo moja kwa watu sita hadi wanane. Vitunguu humenywa na walioketi kwenye vigoda, nazi hukunwa na wenye mikono yenye nguvu, na mchele hupetwa na kuchambuliwa na bibi ambao hawawezi tena kuinama kwenye moshi. Ikiwa ni pilau, kwa kawaida yupo mama mmoja tu mwenye mamlaka ya kusema kwamba vitunguu vimefikia rangi inayotakiwa, maana rangi ya pilau hutoka hapo na katika viungo, na vitunguu vikiungua sufuria zima huwa na uchungu usioondoka. Maji yakikauka, makaa hupaliwa juu ya mfuniko, na baadaye ukoko hugombewa na watoto pamoja na wapishi wenyewe.

Katika kazi hiyo ndimo watu wanamofarijiana. Maneno ya pole yana kikomo. Mtu akishasema kwamba kazi ya Mungu haina makosa, hana tena la kuongeza, wala mfiwa hana la kujibu. Jirani ambaye hakuwa karibu sana na marehemu hawezi kuingia chumbani wanamolilia watoto wake, lakini akipewa kisu na beseni la vitunguu hupata mahali pa kukaa na sababu ya kubaki mpaka jioni. Pale uani ndipo habari za marehemu zinaposimuliwa, ndipo mawifi walionuniana hulazimika kushika mpini mmoja wa sufuria, na ndipo watani, kama wapo, hupata upenyo wa kuwachekesha watu waliokuwa wakilia muda mfupi uliopita.

Jambo la pili ni deni, na kwa maoni yangu hili ndilo lililowauma zaidi. Mama aliyekuja kwenu na kisu chake ama alikuwa analipa ama alikuwa anakopesha. Inawezekana mama mkwe wako alikesha jikoni kwake siku alipofiwa na mumewe, naye alikuja kurudisha. Mlipomwambia kwamba kila kitu kimeshashughulikiwa, mlimfungia mlango wa kulipa. Inawezekana pia kwamba hadaiwi chochote, ila anajua siku yake nayo itafika, akataka kuweka akiba kwenu, nanyi mkaikataa. Kwa vyovyote vile, alichokielewa ni kwamba nyumba yenu haitaki kudai wala kudaiwa. Ninyi mlikusudia kuwaonea huruma, lakini huruma hiyo ilifika kwao ikiwa imevaa sare na kuwasha jiko la gesi.

Dini zetu nazo zimeligusa jambo hili. Katika mapokeo ya Kiislamu, Jafar bin Abi Talib alipouawa katika vita vya Muta mwaka 629, Mtume Muhammad aliagiza kwamba watu wa nyumba ya Jafar wapikiwe chakula, kwa sababu walikuwa wamefikwa na jambo lililowashughulisha. Kwa hiyo anayepikiwa ni mfiwa. Sisi mjini tumeligeuza agizo hilo juu chini, kwani leo mfiwa ndiye anayetafuta ng'ombe, anayekodi masufuria na anayelisha mamia ya watu, na wengi wao hawakuwahi kumwona marehemu. Masheikh wamelikemea jambo hili mara nyingi, na pilau ya arobaini imeendelea kupikwa vilevile. Kwa upande wa Wakatoliki, jumuiya ndogondogo hubeba sehemu kubwa ya upishi na kumpunguzia mfiwa mzigo, ingawa nako gharama zimekuwa zikipanda.

Nasema haya bila kuwabeza wapishi wa kukodi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huu, na wengi wao huondoka nyumbani alfajiri kutoka Mbagala, Chanika au Bunju kwenda kazini ambako mwajiri hatoi ruhusa kwa sababu ya msiba wa jirani. Wapo wanaoishi ghorofani, ambako hakuna hata pa kuweka mafiga. Zaidi ya hayo, kazi ninayoisifu hapa huwaangukia wanawake karibu yote, na nimegundua kwamba wanaoisifu kwa sauti kubwa zaidi ni wale wanaoletewa sahani wakiwa wameketi chini ya turubai. Familia inayokodi wapishi ili mabinti wa marehemu wapate nafasi ya kumlilia mama yao ina hoja ambayo mtu mwenye haki hawezi kuipuuza.

Ushauri wangu ni huu. Kama arobaini bado haijafika, nenda mwenyewe kwa yule mama ambaye mtaa mzima humsikiliza katika mambo ya jikoni, mwambie kwamba mnataka awasimamie, na muulize anashauri nini. Wapishi wa kukodi wanaweza kubaki na chakula cha mchana, lakini chai ya asubuhi, mihogo, maandazi na uji wa wazee waachieni majirani. Msiba mwingine ukitokea hapo mtaani, usiishie kutuma bahasha. Fika mapema, umejifunga khanga, na kisu chako mkononi. Hakuna maelezo mtakayoyatoa yatakayofanya kazi kuliko hilo.

Mwalimu wetu mmoja anasema ugali ni chakula cha mababu zetu. Mwingine anasema mahindi yalitoka Amerika, kwa hiyo ugali ni wa wageni. Chakula chetu hasa ni kipi? — Mwanafunzi, Ubungo

Kijana wangu, walimu wako wote wawili wana ukweli mkononi, ila kila mmoja ameshika kipande chake.

Mahindi yalianza kulimwa Meksiko miaka ipatayo 9,000 iliyopita, na yalivuka bahari kuja Afrika baada ya Wareno kuanza kusafiri kati ya mabara haya, yaani kuanzia karne ya 16. Mhogo, karanga, nyanya na pilipili kali navyo ni vya Amerika. Ukidhani utapona kwa kukimbilia wali, mchele tunaoula sana ulitoka Asia, kama ulivyotoka mnazi, na kama zilivyotoka ndizi ambazo Wahaya, Wachagga na Wanyakyusa wamezijengea maisha yao. Chapati, sambusa na biriani vilifika kwa njia ya biashara na uhamiaji wa Bahari ya Hindi. Tukiamua kwa ukali kwamba chetu ni kile tu kilichoota hapa tangu mwanzo, mezani tutabaki na mtama, uwele, ulezi, kunde, mlenda, samaki, nyama na asali, ambavyo ni vyakula vizuri sana, lakini Mswahili wa Pwani akiwekewa hivyo peke yake siku ya Idi atauliza kama kuna mtu amekasirika naye.

Wanaakiolojia waliochimba vijiji vya kale kisiwani Pemba walikuta kwamba tabaka za zamani zaidi zina punje nyingi za nafaka za Kiafrika, hasa uwele, na kwamba mchele uliongezeka sana kuanzia karne ya 11 hivi. Baadhi yao wanauhusisha mchele huo na karamu, yaani na watu wenye nafasi waliotaka kuwakusanya wengine na kuwalisha ili wapate heshima. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyepita katika pwani hii mwaka 1331, alieleza alivyokaribishwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika chombo kikubwa cha mbao, juu yake vikawekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga, na pembeni yake kukawa na achari ya limau, tangawizi mbichi na maembe. Ukiondoa chombo cha mbao na kuweka sinia, hiyo ni harusi ya Kariakoo.

Sasa tuuangalie ugali wenyewe. Katika miaka ya 1930 mwanaanthropolojia Mwingereza, Audrey Richards, aliishi miongoni mwa Wabemba wa nchi ambayo leo ni Zambia, akaona jambo lililomshangaza. Watu aliowaona kwa macho yake wakitafuna mahindi ya kuchoma walimwambia kwamba hawajala kitu tangu asubuhi, kwa sababu kwao kula kulimaanisha kula ubwali, yaani ugali wao, pamoja na kitoweo chake, na vingine vyote vilikuwa vya kupitisha muda. Nadhani unamfahamu mtu wa aina hiyo. Huenda ni mjomba wako, ambaye hata akila chipsi mayai na mishkaki, akifika nyumbani huuliza ugali uko wapi. Lakini ubwali wa Wabemba wa wakati ule ulisongwa kwa ulezi, na siku hizi mara nyingi husongwa kwa mahindi. Nafaka ilibadilika, na nafasi yake kwenye mlo ikabaki palepale. Kwetu nako mahindi yaliingia katika kiti ambacho mtama, uwele na ulezi walikuwa wamekikalia kwa muda mrefu, na kilichorithiwa kutoka kwa mababu ni hicho kiti: kusonga, kumega, kutowelea, na kunawa pamoja kabla ya kuanza.

Mabadiliko hayo hayakutokana na ladha peke yake. Waajiri wa enzi za ukoloni waliwapa vibarua posho ya unga wa mahindi kwa sababu ulinunulika na kusafirishika kwa wingi. Baada ya uhuru, Shirika la Usagishaji la Taifa lilisambaza sembe mijini kwa bei iliyofidiwa na serikali, mpaka ruzuku hiyo ilipoondolewa katikati ya miaka ya 1980, na kizazi kizima cha Dar es Salaam kikazoea unga mweupe. Wazee wako watakuhadithia pia juu ya unga wa njano ulioletwa kutoka Marekani katika miaka ya uhaba, ambao watu waliuita yanga kwa sababu ya rangi ya jezi za klabu. Uliokoa maisha, na bado waliula wakiulalamikia, kwa kuwa rangi na harufu yake havikuwa vya ugali walioujua. Hata mwenye njaa anajua ugali wake unavyotakiwa kuwa.

Kwa hiyo, ukiulizwa darasani, jibu kwamba mbegu ni ya Meksiko na mlo ni wetu. Malawi ilifanya hivyo bila aibu yoyote: mwaka 2017 utamaduni wake wa nsima, ambao kwa kiasi kikubwa hutegemea mahindi, uliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Nimeolewa katika nyumba ambayo firigisi ni ya baba, wanaume hula sebuleni, nasi wanawake tunakula jikoni kilichobaki. Sasa nina ujauzito, na bibi wa mume wangu amenikataza mayai. Nifanye nini bila kuvunja heshima? — Msomaji wa Kigamboni

Mwanangu, hongera kwa ujauzito. Maswali yako ni mawili na nitayajibu kwa uzito tofauti.

La mayai halina mjadala. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki wanawake, hasa wajawazito, walikatazwa mayai na hata kuku, kwa maelezo mbalimbali kuhusu uzazi na afya ya mtoto. Yai lililoiva vizuri ni chakula chema kwa mjamzito, na wahudumu wa kliniki watakuambia hivyohivyo. Usibishane na bibi. Mwombe mume wako aende naye kliniki siku moja, au amweleze mwenyewe kwamba mmeshauriwa hivyo na mhudumu. Kauli hiyo itapokelewa vizuri zaidi ikitoka kwa mjukuu wake kuliko kwako.

La firigisi ni gumu kidogo, kwa sababu kuku ana firigisi moja tu na hapo ndipo ugomvi wote ulipoanzia. Kugawa nyama kwa vyeo ni jambo la kale sana. Miongoni mwa Wahadza wanaoishi kandokando ya Ziwa Eyasi, baadhi ya sehemu za mnyama mkubwa, zikiwemo moyo na figo, huitwa epeme na huliwa faraghani na wanaume waliokubaliwa tu, ingawa sehemu kubwa ya nyama hugawiwa kambi nzima. Kipande cha heshima humwambia kila aliyepo nani ni nani, na ndiyo maana watu wazima wanaweza kununa wiki nzima kwa kitu kinachotoshea kiganjani. Mimi nisingepigania firigisi. Ningepigania kwamba chakula kipakuliwe chote kwa wakati mmoja, fungu la jikoni litengwe kabla sahani za sebuleni hazijabebwa, na mjamzito asisubiri mabaki. Mama mkwe akiwa mwenye busara, mweleze yeye kwanza. Naye alikula jikoni miaka mingi na huenda hakuwahi kuulizwa kama alishiba.

Sisi ni Wachagga na Walutheri, na binti yangu anaolewa. Tunataka ndafu, yaani mbuzi mzima wa kuchoma, lakini nusu ya wageni ni majirani zetu Waislamu. Mwanangu anasema meza tofauti inatosha. Wewe unaonaje? — Baba wa bibi harusi, Kimara

Mzee mwenzangu, hongera kwa kuoza. Meza tofauti inatosha kwa vinywaji. Mbege na bia zikae upande wake na hakuna atakayelalamika. Kwa nyama haitoshi, kwa sababu ndafu hukatwa mbele ya wageni na hulishwa watu kama ishara ya kuunganisha koo mbili, na kumwalika jirani ashuhudie kitendo ambacho hawezi kukishiriki ni kumwacha nje akiwa ndani.

Dar es Salaam ina dawa ya siku nyingi kwa tatizo hili: wenye shughuli, hata wakiwa Wakristo, humwomba Mwislamu achinje wanyama wote, kisha kila mgeni hula bila kuuliza. Utaratibu huu unaonekana mdogo mpaka unapovunjika. Mwaka 2013 mabishano juu ya nani achinje yalizaa vurugu mkoani Geita na mtu akapoteza maisha. Kwa hiyo mpate mapema jirani mnayemwamini, mmkabidhi mbuzi wa ndafu pamoja na ng'ombe, na mshereheshaji aliseme jambo hilo kwa sentensi moja kabla chakula hakijafunguliwa, maana mgeni asiyejua atakula kwa mashaka au atajifanya ana tumbo. Ikiwa wapo watakaotaka kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, kipikwe mahali pengine, kwa vyombo vingine na watu wengine. Mwiko mmoja ukihama, juhudi yenu yote imepotea. Na kama mmewaalika Wahindu, andaeni wali mweupe, dengu, mbogamboga na chapati, kisha muwaelekeze vilipo, badala ya kuwaacha waokote kachumbari.

Zamani tulikula mkekani, sinia moja. Sasa wajukuu wangu kila mmoja ana sahani yake, saa yake na simu yake. Je, tumepotea? — Mzee wa Magomeni

Shikamoo mzee wangu. Sinia lilikuwa shule, na masomo yake unayakumbuka kuliko mimi: mtoto alisubiri mkubwa aanze, alikula upande wake bila kuvuka mpaka, na nyama hakuigusa mpaka mkubwa alipoigawa mwishoni. Aliyekuwa na papara alijulikana, na aliyekuwa mgonjwa alijulikana pia, kwa sababu mkono wake ulichelewa kurudi. Mama wa nyumba hakuhitaji kuuliza nani ana tatizo.

Hata hivyo sinia lilihitaji watu waliorudi nyumbani kwa wakati mmoja. Mjukuu wako mmoja anatoka darasani jioni, mwingine amekwama kwenye foleni ya Barabara ya Morogoro, na wa tatu amekwisha kula kwa mama ntilie karibu na kazini kwake. Tena tusimdharau huyo mama ntilie. Pale kwenye mabenchi yake, fundi, karani, dereva wa bodaboda na mwanafunzi hukaa wamebanana, hupitishiana chumvi na pilipili, na huulizana habari za kazi. Mteja asiye na fedha huandikwa daftarini, na asipoonekana kwa siku kadhaa kuna anayeuliza yuko wapi. Jumuiya hiyo imejengwa na watu ambao hawakuzaliwa tumbo moja wala kijiji kimoja, na kwa mji wa wahamiaji kama huu ni jambo kubwa.

Kwa hiyo sidhani kwamba mmepotea, ila mnahitaji kuchagua. Kudai sinia kila jioni kutakuletea ugomvi tu. Chagua mlo mmoja kwa wiki, mchana wa Ijumaa au wa Jumapili kwa jinsi ilivyo nyumbani kwako, uwe ni lazima kwa kila aliyepo mjini, na simu zikae juu ya kabati. Wape wajukuu kazi pia: mmoja akune nazi, mwingine aende Feri kununua samaki, hata yule wa kiume apike. Kijana husamehe kukosa chakula alichopikiwa, lakini alichokipika mwenyewe atahakikisha yupo kinapoliwa.

Mwezi wa Ramadhani jirani yangu hunitumia futari ingawa mimi si Mwislamu. Je, ni lazima nirudishe kitu, na kipi? — Msomaji wa Ilala

Si lazima kwa sheria yoyote, lakini kwa desturi ya Pwani bakuli la jirani halirudi tupu. Alichokuletea, iwe magimbi ya nazi, tambi, kaimati au kunde, hakikuwa na masharti, na wewe huna haja ya kushindana naye kwa wingi. Rudisha matunda, tende, au sukari, vitu ambavyo atavitumia bila kujiuliza vimepikwa katika sufuria gani. Peleka mapema kabla ya adhana ya magharibi, kwa sababu baada ya hapo atakuwa anafuturu na utamlazimisha kuinuka. Krismasi ikifika, mpelekee na wewe, na kuku awe amechinjwa na Mwislamu; wauzaji wengi wa kuku sokoni watakufanyia hivyo ukiwaomba. Bakuli lake la plastiki lenye mfuniko, ambalo naamini bado liko kabatini kwako tangu Ramadhani iliyopita, anza nalo hilo.